Maji ya Kaskazi Huwekwa Wakati wa Vuli: Mwongozo Kamili wa Kusimamia Maji ya Kaya na Mtaa katika Pwani ya Tanga

Kila mwaka, vuli inapomalizika na upepo wa kaskazi kuanza kuvuma, mji wa Tanga na vijiji vya pwani yake huingia katika kipindi cha takriban miezi mitatu ambamo mvua ni kidogo, jua ni kali na kila ndoo huhesabiwa. Hilo si jambo geni kwa mtu aliyezaliwa huku. Jambo geni ni kwamba vuli yenyewe haiaminiki tena kama walivyoiamini wazee wetu: vuli ya mwaka 2019 ilileta mafuriko, ya mwaka 2021 ikawa haba, na ya mwaka 2023, iliyokuja na El Niño, ikayarudisha mafuriko. Anayengoja kaskazi ifike ndipo aanze kufikiria maji amekwisha kuchelewa, kwa sababu karibu kila kazi inayoelezwa hapa hufanywa mvua ikiwa bado inanyesha, au kabla haijaanza.

Mwongozo huu unamlenga mwenye kaya iliyo na paa la bati, bomba linalotoa maji kwa mgawo na pengine kisima uani, awe Makorora, Mikanjuni, Tongoni au Moa. Unailenga pia kamati ya maji ya mtaa au kijiji. Msomaji wa Handeni au Kilindi anaweza kuiruka sehemu inayohusu chumvi, maana adui wake ni mwingine, lakini hesabu za paa na tangi zitamfaa vilevile, na huenda zikamfaa zaidi yetu.

Kwanza: fahamu maji yako yanatoka wapi

Maji ya bomba ya jiji la Tanga hutoka katika Mto Zigi, ambao hukusanya vijito vya milima ya Usambara Mashariki, upande wa Amani, kisha huzuiwa katika bwawa la Mabayani kabla ya kutibiwa na kusukumwa mjini. Zigi ni mto mfupi. Hauna theluji ya Kilimanjaro nyuma yake, wala hauna ziwa la kuutunzia akiba; unategemea mvua na ukungu unaonaswa na msitu, pamoja na udongo wa msituni unaoyanyonya maji hayo na kuyaachia polepole. Ndiyo maana mvua inaweza kunyesha vizuri Chumbageni na bado bomba likakauka wiki tatu baadaye, na pia mji unaweza kukaa bila tone huku bwawa likiwa na nafuu, kwa kuwa Amani kumenyesha. Anayetaka kujua hali ya bomba lake aulize habari za Amani, asitazame mawingu ya Raskazone.

Mto Pangani una tabia nyingine. Huo ni mrefu, unaanzia katika maji ya Kilimanjaro na Meru, unapita bwawa la Nyumba ya Mungu, mashamba ya umwagiliaji na mitambo ya umeme ya Hale na Pangani, na kila aliye juu huchukua chake kabla haujafika mjini Pangani. Nguvu ya mto inapopungua, maji ya bahari hupanda mtoni na kuingia ndani zaidi kuliko kawaida, na wanaoishi kandokando yake huijua dalili hiyo ulimini kabla hawajaisikia kwa mtaalamu.

Pili: pima matumizi kwa wiki moja

Hatua hii watu wengi huiruka, na kwa maoni yangu ndiyo yenye faida kuliko zote, kwa kuwa haihitaji fedha. Chukua daftari. Kwa siku saba mfululizo, andika kila dumu la lita 20 lililotumika na kazi iliyofanywa nalo: kunywa na kupika, kuoga, kuosha vyombo, kufua, chooni, mifugo, bustani. Kama una mita, andika namba zake kila siku asubuhi saa ileile. Uniti moja ni lita 1,000, yaani madumu 50.

Mwisho wa wiki gawa jumla kwa idadi ya watu na kwa siku saba. Katika hali ya dharura kiwango cha chini kinachokubalika kimataifa ni lita 15 kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupika na usafi wa mwili. Ikiwa kaya yako inatumia lita 60 au 80 kwa mtu, basi unayo nafasi kubwa ya kupunguza bila mtu yeyote kuona kiu. Ikiwa inatumia lita 20, usijidanganye kwamba utaokoa zaidi kwa kubana. Kazi yako ni kuongeza akiba.

Zingatia hasa namba ya kunywa na kupika. Kwa kaya nyingi haizidi lita 5 kwa mtu kwa siku. Namba hii ndogo ndiyo itakayobeba mpango mzima, kama itakavyoonekana tukifika kwenye tangi.

Tatu: ziba mianya

Koki inayodondosha tone moja kila sekunde hupoteza zaidi ya lita 20 kwa siku. Wahenga walisema ndo ndo ndo si chururu, lakini ndo ndo ya koki ni dumu zima kila kunapokucha, na mpira wa koki unauzwa kwa bei ndogo katika duka lolote la vifaa vya ujenzi.

Kuvuja kusikoonekana hutafutwa usiku. Funga koki zote, soma mita kabla ya kulala, usiruhusu mtu kutumia maji, kisha isome tena alfajiri. Ikiwa imesogea, maji yanatoka mahali fulani: bomba la chini ya ardhi, boya la tangi lisilofunga, au choo cha kuvuta. Choo hupimwa kwa buluu ya kufulia. Koroga kidogo katika tangi la choo, subiri nusu saa bila kuvuta, kisha chungulia bakuli; ukiona rangi, mpira wa ndani umekwisha. Choo cha namna hiyo kinaweza kumeza maji mengi kuliko yanayonywewa na nyumba nzima, na hakipigi kelele.

Nne: panga mwaka kwa pepo, kisha sikiliza utabiri

Mwaka wa maji wa pwani yetu una sehemu nne. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ndiyo mvua kubwa, na kilele chake huwa Aprili na Mei. Baada yake kusi hutawala, kipupwe huingia, na mvua ndogo za mchoo hupita mara kwa mara mwezi Julai na Agosti. Vuli huanza Oktoba na kumalizika Desemba. Kisha kaskazi na kiangazi chake, ambapo Januari na Februari ndiyo miezi mikavu kuliko yote.

Kutokana na mpangilio huo, gata, paa na tangi hukaguliwa mara mbili kwa mwaka: mwishoni mwa Februari na mwishoni mwa Septemba. Visima hufanyiwa matengenezo mwishoni mwa kaskazi, maji yakiwa chini kabisa. Akiba ya kiangazi hujazwa na kufungwa mwezi Novemba na Desemba, wala haiguswi kwa kazi ya kufua hata kama mvua bado inanyesha.

Kabla ya kila msimu, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa vuli na wa masika kwa kanda, ukiwemo ukanda wa pwani ya kaskazini ambamo Tanga imo. Usome kwa makini. Maneno "wastani hadi chini ya wastani" hayamaanishi kwamba mvua haitanyesha, bali kwamba uwezekano umeelemea upande wa uhaba, na mwenye akili huyachukua kama amri ya kusafisha tangi mapema ili asipoteze mvua ya kwanza inayofaa kuvunwa. Vuli yetu huathiriwa sana na joto la bahari: El Niño katika Pasifiki, hasa ikiambatana na joto la ziada upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, kwa kawaida huongeza mvua, na La Niña, yaani Pasifiki ikipoa, kwa kawaida huipunguza. Ukisikia La Niña inatajwa mwezi Agosti, fanya hatua inayofuata kana kwamba una deni.

Tano: vuna paa lako kwa hesabu, wala si kwa makisio

Kanuni ni moja na ni nyepesi: milimita moja ya mvua ikiangukia mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Pima urefu na upana wa eneo linalofunikwa na paa ukiwa chini, bila kufuata mteremko wa bati, uzidishe, kisha uzidishe kwa 0.8, kwa kuwa sehemu ya mvua hurukia pembeni, huvukizwa na bati lenye joto au humwagwa kama maji ya kwanza.

Chukua nyumba ya mita 8 kwa 10. Paa lake ni mita za mraba 80, hivyo kila milimita ya mvua hutoa lita 64. Mvua nzuri ya milimita 25 itatoa lita 1,600, yaani madumu 80, kwa usiku mmoja. Lakini ukiweka gata upande mmoja tu wa paa la migongo miwili, namba zote hizo zinagawanywa nusu, na hapo ndipo wengi hukosea.

Nami nilikosea. Nilinunua tangi la lita 5,000 kabla sijapima chochote, kwa sababu fundi niliyempata alisema "kubwa ni kubwa tu". Gata ilikuwa upande wa mbele peke yake, kaskazi ikaingia tangi likiwa halijafika katikati, na msingi wa matofali aliouweka juu ya mchanga usioshindiliwa ukazama upande mmoja. Tangi lililoinama ni tangi linalosubiri kupasuka. Nilibomoa na kujenga upya.

Ukubwa wa tangi huamuliwa na siku za ukavu, wala hauamuliwi na fedha uliyonayo mfukoni. Tuseme kaya ina watu 6 na ukavu unakadiriwa siku 90. Wakitumia lita 40 kila mtu kwa kazi zote, watahitaji lita 21,600, na hakuna kaya ya kawaida itakayonunua matangi ya kiasi hicho. Sasa rudi kwenye ile namba ndogo: lita 5 kwa mtu za kunywa na kupika ni lita 30 kwa siku, yaani lita 2,700 kwa siku 90. Tangi moja la lita 3,000 linatosha, na paa la mita za mraba 80 litalijaza kwa mvua isiyofika milimita 50 kwa jumla, kiasi ambacho hata vuli dhaifu mara nyingi hukifikia. Hapa ndipo siri ya mpango ilipo: maji ya mvua yawe ya kunywa na kupika pekee, na kazi nyingine zitegemee bomba la mgawo na kisima. Anayeyatumia maji ya mvua kuoshea pikipiki mwezi Desemba atanunua maji ya kunywa kwa mkokoteni mwezi Februari.

Ujenzi wenyewe ufuate mambo haya. Gata iteremke sentimita moja hivi kwa kila mita kuelekea bomba la kushushia, ikishikiliwa kwa vishikizo vya karibu ili isijipinde katikati na kuwa dimbwi la mbu. Msingi wa tangi uwe wa zege au mawe yaliyoshindiliwa, kwani lita 3,000 ni tani tatu. Koki iwekwe juu kidogo ya sakafu ya tangi ili tope libaki chini, na tundu la kufurikia lifunikwe kwa wavu mzuri.

Kati ya gata na tangi weka njia ya kumwaga maji ya kwanza. Vumbi, kinyesi cha kunguru na majani yaliyokaa juu ya bati miezi miwili huja na dakika za kwanza za mvua, hasa huku kwetu ambako kunguru hawana uhaba. Tenga nusu lita kwa kila mita ya mraba ya paa. Kwa paa letu la mfano ni lita 40. Waweza kutumia pipa dogo au bomba pana la wima lililozibwa chini, likiwa na tundu dogo la kujimwaga polepole: likijaa, maji safi yanayofuata huelekea tangini. Usipoweza kujenga hilo, mwanafamilia mmoja apewe kazi ya kuelekeza bomba pembeni kwa dakika kumi za mwanzo za kila mvua iliyotanguliwa na siku kadhaa za jua.

Paa la makuti hutoa maji ya rangi ya chai na yenye harufu. Yafae kwa miche na kufyatulia matofali. Paa la zamani la asbesto lisivunwe kwa ajili ya kunywa.

Jambo la mwisho kuhusu tangi ni mbu. Aedes, mbu wa homa ya dengi, hupenda maji safi yaliyotulia karibu na watu, na mlipuko wa mwaka 2019 uliikumba Tanga pamoja na Dar es Salaam. Kila tangi, pipa na dumu lifunikwe kikamilifu. Chombo kisicho na mfuniko kisuguliwe ndani na kumwagwa kila wiki, kwa kuwa mbu huyu huhitaji zaidi kidogo ya wiki moja kutoka yai hadi kuruka, na mayai yake hung'ang'ania ukutani hata maji yakikauka.

Sita: kisima cha pwani na adui aliye chini yake

Katika sehemu kubwa ya ukanda wetu wa mawe ya matumbawe na mchanga, maji matamu ya ardhini hayakukaa juu ya mwamba mkavu. Yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya nchi kavu, kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi, kwa kuwa maji matamu ni mepesi kidogo. Kanuni inayotumiwa na wataalamu husema kwamba, mambo yakiwa yametulia, kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huwa imebebwa na takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Habari hiyo ni njema hadi utakapoigeuza: ukiyashusha maji ya kisima kwa mita moja na kuyaacha hivyo muda mrefu, unaukaribisha mpaka wa chumvi upande kwa mita 40. Nayo maji ya bahari yakichanganyika na ya kisima kwa asilimia 2 au 3 tu, kisima hakinyweki tena.

Kutokana na hilo hufuata makosa mawili ambayo nimeyaona mara nyingi. La kwanza ni kuongeza kina. Maji yakipungua mwezi Februari, mwenye nyumba humwita mchimbaji, naye husema "tuongeze mita mbili". Bara ushauri huo unaweza kuwa sahihi. Mita mia chache kutoka ufukweni ni kuchimba kuelekea baharini. La pili ni pampu ya umeme inayojaza tangi zima kwa mkupuo mmoja. Pampu kali huvuta maji kwa kasi kuliko yanavyoingia pembeni, na chumvi hupanda moja kwa moja chini ya kisima kama maji yanavyopanda kwenye mrija.

Fanya hivi badala yake. Ning'iniza mpira wa pampu karibu na uso wa maji, mbali na sakafu ya kisima. Vuta kidogo mara nyingi: nusu saa asubuhi na nusu saa jioni ni bora kuliko saa tatu mfululizo. Shusha kamba yenye uzito mara moja kwa wiki na uandike umbali hadi kwenye maji, siku hiyohiyo uonje. Vipimo vifanywe wakati wa bamvua na wakati wa maji mafu, kwa sababu visima vya karibu na bahari hupanda na kushuka pamoja na maji kujaa na kupwa, na anayepima bila kuangalia mwezi atafikiri kisima kimepona kumbe bahari imejaa. Kwa wenye uwezo, kipimo kidogo cha mkononi cha chumvi hakina bei kubwa na hakibishani. Chumvi ikionekana kupanda wiki mbili mfululizo, kipumzishe kisima. Kisima kilichopumzishwa mapema huweza kurudi masika ijayo, lakini kilichong'ang'aniwa huchukua miaka.

Kirudishie pia. Maji yanayofurika kutoka tangini wakati wa masika yasiachwe kwenda barabarani. Yaongoze kwenye shimo lililojazwa kokoto na mchanga, mita kadhaa kutoka kisimani, yazame na kuusukuma mpaka wa chumvi chini. Yasimwagwe ndani ya kisima chenyewe, kwani ya paani huleta uchafu.

Umbali kati ya kisima na shimo la choo usipungue mita 30, nacho choo kikae upande ambao maji ya ardhini yanaelekea, yaani bondeni. Katika mwamba wa matumbawe hata mita 30 hazitoshi kumpa mtu usingizi, kwa kuwa mwamba huo una mianya inayopitisha uchafu bila kuuchuja. Maji ya kisima cha namna hiyo yahesabiwe kuwa ya kufulia na kuogea hadi yatibiwe. Mdomo wa kisima ujengewe ukuta, mfuniko na sakafu ya zege yenye mtaro wa kutoa maji yaliyomwagika.

Kisima kirefu cha kuchimbwa kwa mashine ni jambo la kibali kutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Watu hulalamikia kibali, lakini pasipo hicho jirani aliye na pampu kubwa anaweza kukutilia chumvi usiku mmoja na usiwe na pa kushtakia.

Saba: kila maji na kazi yake

Panga vyombo kwa daraja. Maji ya mvua yaliyotibiwa hunywewa na kupikiwa. Ya bomba huogewa na kuoshea vyombo. Ya kisima chenye chumvi kidogo hufulia na kusafishia sakafu. Yaliyooshea mboga na kusuuza nguo huenda chooni au bustanini. Weka alama kwenye madumu, kwa rangi au kwa kamba, ili mtoto au mgeni asichanganye.

Maji ya kunywa yatibiwe kila siku, hata yakionekana meupe kama lulu. Yakichemshwa, yaache yatokote kwa nguvu kwa dakika moja. Ukitumia vidonge vya klorini, fuata maelezo ya pakiti, na usubiri dakika 30 kabla ya kunywa; maji ya matope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa. Asiye na kuni wala kidonge ajaze chupa safi za plastiki zinazopitisha mwanga, azilaze juu ya bati juani kwa saa sita, au siku mbili kukiwa na mawingu. Jua la kaskazi linalotutesa linafaa sana kwa kazi hii.

Nane: bustani na minazi

Mwagilia alfajiri au jioni. Funika udongo kwa matandazo ya majani makavu, unene wa sentimita 5 au zaidi, ukiacha nafasi kidogo kuzunguka shina. Kwa minazi michanga tuna hazina tunayoichoma bure: makumbi. Yafukie kuzunguka mti kwa tabaka, upande wa nyuzi ukitazama juu, nayo yatanyonya mvua na kuiachia polepole hadi ndani ya kiangazi. Kwa nyanya, bamia na mchicha, zika mtungi wa udongo usiopakwa rangi hadi shingoni, ujaze maji, uufunike. Maji hupenya ukutani na kufuata mizizi bila kupotea juani. Maji ya sabuni yasimwagiwe mboga za majani zinazoliwa mbichi, na maji ya chumvi yasipelekwe bustanini kabisa, kwa sababu chumvi hubaki udongoni baada ya maji kuondoka.

Tisa: kamati ya mtaa na kijiji

Vijijini huduma husimamiwa na RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, pamoja na vyombo vya kutoa huduma ya maji ngazi ya jamii, kwa mujibu wa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019. Chombo hicho kiwe na daftari tatu: la mapato na matumizi, la matengenezo, na la vipimo vya chanzo. La tatu ndilo husahaulika, na ndilo hutoa tahadhari.

Kwa kutumia daftari hilo, kamati ikubaliane ngazi za hatua wakati maji yapo, wakati hakuna aliyekasirika. Mathalani: kina kikishuka hadi alama ya kwanza, umwagiliaji na ufyatuaji wa matofali kwa maji ya kijiji husimama; kikishuka hadi ya pili, kila kaya hupata idadi maalumu ya madumu kwa zamu; kikishuka hadi ya tatu, maji ni ya kunywa tu na uongozi huomba maji ya magari. Alama zipakwe rangi ukutani kisimani ili kila mtu azione. Mgawo unaotangazwa foleni ikiwa imeshafika barabarani huzaa ugomvi, na katika foleni hiyo anayeumia ni mama mwenye mtoto mgongoni na mzee asiye na wa kumtuma.

Kuhusu chanzo, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Zigi umewahi kuumizwa na kilimo cha kandokando na uchimbaji mdogo wa dhahabu katika vijito vyake, na tope la huko juu huishia Mabayani, ambako hula nafasi ya maji na kuongeza gharama ya kutibu. Lakini mkulima wa Amani hawezi kuombwa aache ukingo kwa faida ya mji bila kupata kitu. Ndiyo maana naona umoja wa wakulima wa Kihuhwi na Zigi, UWAMAKIZI, unaoshirikiana na mamlaka ya maji ya Tanga, ni njia yenye heshima zaidi kuliko mabango ya makatazo: wakulima hupanda viungo na miti, mto hubaki na kivuli, na mjini maji hufika.

Kumi: ukame ukishaingia, na siku utakapoisha

Wiki ya kwanza bomba likikauka, funga koki ya tangi la mvua na umkabidhi mtu mmoja ufunguo. Hesabu siku zilizobaki hadi katikati ya Machi, uongeze siku 20, kwa kuwa masika huchelewa, kisha gawa akiba kwa siku hizo zote. Unaponunua maji ya mkokoteni, uliza yametoka wapi, na uyatibu hata ukiambiwa ni ya bomba. Usafi wa mikono usipunguzwe. Kibuyu chirizi, yaani dumu dogo lenye tundu linaloning'inizwa karibu na choo, hutumia maji kidogo sana kwa kila mnawo.

Mvua ya kwanza ya masika iache ioshe paa, nayo isiingie tangini hata kama vyombo vyote ni vitupu. Weka karai na mapipa pembeni, uyatumie maji hayo kufulia. Tangi lililokuwa tupu lisuguliwe na kusuuzwa kabla ya mvua ya pili. Kisima kilichofikiwa na maji ya mtaroni kifungwe, kivutwe hadi maji yawe meupe, kisha kitiwe klorini kwa kipimo cha afisa afya wa kata, na hadi atakapokipima na kukiruhusu, kila anayekichota achemshe, kwa kuwa kipindupindu mara nyingi huja na mafuriko yanayofuata ukame.